Geuza jani kwanza: kupiga foto ya maua ya inkeri kwenye njia za mlima



Juma iliyopita mdogo wetu mmoja, mwenye anaandika TFC yake, aliniandikia usiku: "Yaya, nimemaliza maua. Nikutumie foto?" Nikamwambia tuma. Zikaingia sitini na tatu kwa WhatsApp, moja nyuma ya ingine, mpaka simu ikapata moto mkononi. Zote ni ua jeupe. Zote zimepigwa kutoka juu, ua katikati, nyuma kumefifia vizuri kama kadi ya arusi. Chini yake ameandika: "Rubus, mmea wa asili wa milima ya Kivu."

Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka zangu, nikanyamaza.

Mimi lile kosa nililifanya kwa ukubwa zaidi. Wakati wa memwari yangu nilipanda mara tatu: mara moja kwenye vilima vya Kabare, mara moja pembeni ya msitu kule Tshivanga, na mara moja mpaka juu ya mlima Kahuzi wenyewe, mita 3,308, siku nzima ya kupanda na kushuka, viatu vimejaa maji. Nilirudi na foto 340. Promoteri wangu alizipitisha kwenye kompyuta dakika tano hivi, akasema: "Ni za kupendeza. Hizi ni spesi ngapi?" Nikajibu, labda mbili. Akaniuliza tena, polepole: "Ni mbili, ao ni nne, ao ni moja?" Sikuwa na la kusema. Katika foto 340 hakukuwa hata moja yenye ilionyesha jani kwa chini. Nilirudi kwenye barabara ili nipige upya, nikakuta watu wa kusafisha barabara wamekata vichaka vyote na panga. Nilitetea kwa sesioni ya pili, na baba akakopa tena pesa ya minervali. Kwa hiyo ninapoandika juu ya maua, msifikiri ni mambo ya kujifurahisha tu.

Tuanze na mmea wenyewe. Kila mtu aliyetembea kwenye milima yetu anaujua: kichaka chenye miiba yenye kushika suruali, kinaota fasi yenye jua pembeni ya msitu, kwenye njia, kwenye shamba lililoachwa, kwenye lupango. Matunda yake ni vipunje vidogo vilivyoshikana pamoja, vyekundu ao vyeusi. Wenye kusema Kinyarwanda wanaita inkeri. Wengine katika mji wanasema tu fureze ya pori. Mimi nitasema inkeri. Kwenye vitabu jamii yote inaitwa Rubus, na ni ndugu ya waridi. Ndiyo, ile waridi ya bustani. Ukiangalia ua la inkeri kwa karibu utaona undugu: petali tano, sepali tano (yale majani madogo ya kijani yenye kushika ua kwa chini), stameni nyingi zimezunguka kama duara, na katikati kifungu cha pistili nyingi ndogo.

Hapo katikati njo kuna jambo ambalo lilinibadilisha namna ya kuangalia. Kila pistili ndogo, ikipata mbelewele, inakuwa punje moja ya tunda. Tunda moja la inkeri ni hesabu ya ziara za nyuki. Ukiona tunda limepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umekauka, mara nyingi ni kwamba upande ule haukupata mbelewele. Mama mmoja wa Kabare alinishika nikivunja tawi ili nilipeleke kwenye mwangaza mzuri. Hakunikalipia sana. Aliniuliza tu: "Mutoto wangu, hii maua umevunja, batoto batakula nini mwezi unakuya?" Tangu ile siku sivunji tawi. Ninainama mimi.

Sasa, kwa nini foto ya ua peke yake haitoshi? Juu maua ya Rubus yanafanana sana. Weupe ao waridi kidogo, petali tano, stameni nyingi, basi. Tofauti ziko fasi ingine. Kuna moja ya milima ya Afrika inaitwa Rubus apetalus, na jina lenyewe linasema "bila petali": petali hazipo, ao ni ndogo mno. Mpiga foto wa kawaida anaipita, anafikiri ua limekwisha kuanguka. Kuna Rubus steudneri yenye majani ya vijani vitatu. Kuna Rubus runssorensis ya juu milimani, na jina lake limetoka kwa Runssoro, namna ya zamani ya Wazungu kuandika Rwenzori. Kisha kuna wageni. Rubus niveus ilitoka Asia. Shina lake lina unga mweupe, na jani lake kwa chini ni jeupe kabisa kama limepakwa chokaa. Rubus rosifolius nayo ilitoka upande wa Asia, ina ua jeupe kubwa na zuri, na leo inaota yenyewe katika milima mingi ya Afrika kama vile ni mtoto wa kwetu. Mgeni huyu anapendeza kwenye foto kuliko wenyeji, kwa hiyo njo anapigwa sana. Mwanafunzi anayefuata uzuri tu atarudi na foto za mgeni, atawaacha wenyeji kwenye njia, kisha ataandika "mmea wa asili".

Mwenye alinifundisha namna ya kuangalia hakuwa profesa. Alikuwa mzee mmoja pisteri, tuliyepanda naye Kahuzi. Aliniona nimepiga magoti mbele ya ua moja kwa dakika kumi. Akasimama, akangoja, kisha akasema: "Papa, unapiga foto ya uso ya mutu, lakini haumuulize jina yake." Akashika jani kwa vidole viwili, akaligeuza. Chini lilikuwa na manyoya ya kijivu. Akatembea hatua tano, akageuza la kichaka kingine: kijani, halina manyoya. Kwa macho yangu vilikuwa mmea mmoja. Kwa mzee vilikuwa viwili, na alikuwa na majina mawili kwa lugha yao. Aibu yangu ni kwamba sikuandika yale majina. Nilikuwa napiga foto.

Basi, namna ninavyofanya leo. Kabla ya kukaribia, ninapiga kichaka kizima pamoja na udongo na vyenye viko pembeni: ni chini ya mianzi, ni kwenye jua, ni kando ya maji? Hiyo foto ni mbaya kila siku, haina sifa, lakini njo inaeleza mmea unaishi wapi. Kisha tawi moja kutoka pembeni, jani zima lionekane, ili mtu aweze kuhesabu vijani: vitatu, vitano, saba. Kisha ua kwa mbele, hapa unaweza kujifurahisha. Kisha ua lile lile kwa nyuma na kwa upande, ili sepali zionekane: zina manyoya? zimepita urefu wa petali ao hapana? zimekunjika kurudi nyuma? Watu tisa kati ya kumi hawapigi nyuma ya ua. Kisha jani kwa chini. Kisha shina na miiba yake, imenyooka ao imepinda kama kucha ya paka, na kama shina lina unga mweupe ao manyoya mekundu. Mwisho tunda, kama liko. Bahati yetu sisi wa karibu na ikweta ni kwamba mara nyingi unakuta ua, tunda bichi na tunda lililoiva kwenye kichaka kimoja, siku moja. Lililoiva, kama uko fasi yenye ruhusa, vuta moja tu: kuna spesi ambazo tunda linatoka na kuacha moyo wake kwenye kikonyo, likabaki na tundu ndani kama kofia, na kuna zingine ambazo linatoka na moyo wake. Piga foto ya tundu. Kisha kula, hakuna aliyekataza.

Katika foto moja weka kitu cha kupimia. Biki inatosha, kila mtu duniani anajua urefu wake.

Mwangaza ni habari ingine. Jua letu la saa tano asubuhi ni adui ya petali nyeupe: kwenye foto inatoka kama karatasi, haina mishipa wala mkunjo. Watu wanalia eti simu yao ni mbovu. Hapana. Gusa ua kwenye skrini, kisha shusha mwangaza kwa kidole mpaka nyeupe ianze kuonyesha mistari yake. Nyuma kutakuwa giza kidogo, si kitu. Mawingu ya Kahuzi, yale tunayoyalaumu, ni taa nzuri kuliko taa yoyote ya studio. Kama hakuna wingu, mwenzako asimame kivuli chake kianguke juu ya ua, ao fungua mwamvuli. Flashi izime kabisa. Mbele ya gorila imekatazwa, na mbele ya ua jeupe inaharibu kila kitu.

Simu nyingi zinakataa kuona kitu kilicho karibu sana. Unasukuma mkono mpaka ua linajaza skrini, na unachopata ni ukungu. Rudi nyuma kiasi cha shubiri moja, ongeza mara mbili kwenye skrini, usipite hapo. Shika tawi kwa chini na mkono wa kushoto juu ya upepo, lakini ua lenyewe usiliguse. Piga tano sita, utafuta jioni. Panguza kioo cha kamera, juu kwenye mlima jasho na mvua vinapanda mpaka huko. Na juu ya mita 3,000 betri inakufa mbio kwa sababu ya baridi; mimi simu ninaiweka ndani ya shati, karibu na mwili, ninaitoa tu nikiona kitu. Watu wananicheka kwamba ninatembea kama mama mwenye kunyonyesha. Lakini nikifika juu niko na asilimia sitini, wao simu imezimika.

GPS ya simu inafanya kazi bila intaneti, wengi hawajui. Inahitaji tu kuona mbingu. Chini ya mianzi inachelewa, kwa hiyo ngojea kidogo kabla ya kupiga. Na daftari bado ni mfalme: namba ya kichaka, tarehe, saa, urefu wa mlima, nani alikuwa nawe, jina la mmea kwa lugha ya mtu wa pale. Hili la mwisho ninalikazia. Batwa waliishi ndani ya msitu huu kabla haujaitwa mbuga, wakatolewa humo miaka ya 1970, na ujuzi wa majina ulitoka nao. Mbuga yenyewe iliundwa mwaka 1970, na Mbelgiji Adrien Deschryver aliyehangaika sana ili iundwe alikuwa mpiga foto. Mwaka 1980 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya zile zenye hatari. Foto za gorila za huko zimejaa duniani. Mzee wa kukuambia jina la jani kwa lugha ya baba zake, wanabaki wachache kila mwaka. Muulize, andika, na kama anakubali, andika kwamba ni yeye alisema.

Sasa kutuma. Hapa mdogo wetu aliniua. Foto ukiituma kwa WhatsApp kama foto, inafinywa, manyoya ya jani yanapotea, na tarehe pamoja na fasi ilikopigwa vinafutwa. Ukiituma kama dokima, yaani faili, inafika nzima pamoja na habari zake. Kwa hiyo zile sitini na tatu, hata kama zingekuwa na jani kwa chini, zilifika kwangu bila tarehe, bila fasi, bila manyoya. Ilikuwa kama kumpelekea daktari picha ya mgonjwa mwenye amejifunika blanketi.

Programu ya iNaturalist inakuruhusu kuweka foto nyingi kwa mmea mmoja, na watu wa mbali wanaojua Rubus wanaweza kukuambia wanaona nini. Itumieni, lakini msichukue jibu la kwanza la mashine kama neno la mwisho. Mashine imeona waridi nyingi za Ulaya, za kwetu imeona chache. Hiyo njo sababu ingine ya sisi kupiga: mimea mingi iliyokaushwa ya Kongo, ile wataalamu wanayoitumia kulinganisha, iko Meise kule Ubelgiji, na mtoto wa Kabare anahitaji viza ili akaone jani lililotoka nyuma ya nyumba yao. Lakini hatuko mikono mitupu. Yangambi kuna herbariumu. Lwiro kuna CRSN, kwenye majumba yaliyoachwa na IRSAC ya enzi za Wabelgiji, na kuna herbariumu vile vile. Ni karibu na Bukavu, na wengi wetu tumemaliza masomo bila kukanyaga.

Neno juu ya fasi. Kichaka cha kando ya barabara, onyesha fasi yake bila wasiwasi. Lakini kama kiko karibu na usiku wa gorila, yaani vile viota vyao vya kulala, ao karibu na mtego uliouona, ficha. Programu ile ina sehemu ya kuficha. Wapo wenye wanasoma ramani kwa sababu zingine. Siku moja niliweka kwenye ukurasa wangu foto nzuri ya inkeri, na nyuma yake kiota kilionekana, na jina la njia nimeandika. Gidi wetu alinipigia simu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Alisema tu: "Futa, mdogo." Nilifuta nikiwa bado kitandani.

Na sisi wenyewe pia. Hapa kwetu kamera si kitu cha mchezo. Usiingie mbugani bila gidi na walinzi. Ulizia hali ya njia siku ile ile, si ya juma lililopita. Ukipita kizuizi, simu iko mfukoni. Askari akifungua simu yako akakuta nyuma ya ua kuna kibanda chake, hatakuuliza swali la botaniki. Kuna miezi njia zinafungwa kabisa, basi zimefungwa. Inkeri haitaki msitu mkubwa. Iko kwenye lupango za mashamba, kwenye makorongo, hata nyuma ya shule nyingi za Kabare na Walungu.

Ile njo njia mdogo wetu alichukua. Nilimweleza haya yote kwa vokali mbili ndefu, akaenda kwa koko yake kule Kabare, na Jumapili jioni akanitumia tena. Safari hii ni foto kumi na nne, kama dokima, zenye tarehe. Si nzuri sana. Katika mbili kidole chake kinaonekana. Lakini nilihesabu vijani: vitano, fasi ingine saba. Jani ni kijani juu na chini. Petali ni kubwa, nyeupe, maua machache kwenye ncha ya tawi. Na foto ya mwisho ni kiganja cha koko, kimekunjamana, na juu yake tunda jekundu lenye vipunje vidogo vingi sana, lina tundu ndani kama kofia ya mtoto.

Aliniuliza: "Yaya, hii si kama ile ya Asia, rosifolius? Nifute neno asili kwenye titre?"

Nilimwambia asifute na asiandike kitu bado. Koko ana miaka zaidi ya themanini, anasema alikula haya matunda akiwa msichana mdogo, kwenye lupango ile ile. Hilo nalo liingie kwenye daftari. Amekata tawi moja kutoka lupango, kwa ruhusa yake, amelilaza katikati ya magazeti chini ya godoro likauke. Alhamisi anapanda basi ya Katana, anashukia njia ya Lwiro.